Athari

Huku Mudheribi nusu saa ya maji ya falaji
huitwa athari.
Nilicheka nilipolisikia,
mimi niliyelelewa kwa Kiswahili cha Ng'ambo:
kwetu athari ni kile kinachobaki
jambo likishapita.

Hamdun alipima kwa kijiti na mawe.
Kivuli kikigusa jiwe anapiga ukelele,
mwenye zamu anang'oa tambara na udongo,
maji yanageuka.
Mawe hayakuwa sawa. Moja lilipigwa teke na mbuzi
likarudishwa kwa kukisia.
Na zamu ya Bi Ghalya, mjane wa ndimu saba,
ikifika ukingoni, Hamdun anakohoa,
anainama kufunga kamba za ndara
(ndara hazina kamba),
kivuli kinapita jiwe vidole viwili
na hakuna aliyeona.
Sote tuliona.

Mimi ndiye niliyeleta programu ya simu.
Liandikwe hivyo, bila kuzungusha.
Nilichoshwa na matusi ya alfajiri,
nikafunga malango ya chuma yenye mota,
kila mtu na haki yake, hadi sekunde.
Walinichinjia mbuzi.
Mwezi wa kwanza hakuna aliyegombana.
Mwezi wa tatu hakuna aliyekuja.
Uje kufanya nini? Lango linajifungua.
Penye kijiti sasa wanaegesha magari.

Bi Ghalya alinijia na simu ya mjukuu wake.
"Mwanangu, hii haikohoi?"

Ndimu moja ilikauka Julai, ya pili Agosti.
Nikawaomba wenye hisa: tumwongezee dakika nne.
Ikabidi kupiga kura,
na dakika zisizowahi kuombwa
zikapata jina, zikapata bei.
Tisa walikataa. Hamdun mmojawao.
"Sikumpa kitu mimi," alinijibu, uso ukutani.
"Kivuli ndicho kilichokuwa kizito."

Jana usiku nilitoka na jiwe mfukoni.
Nikalisukuma chini ya lango lake,
likabaki wazi upana wa vidole viwili.
Kabla sijafika nyumbani simu ikalia:
*Kasoro, lango la kumi na moja.*
Kasoro zote huja kwangu, mimi ndiye fundi.

Nilisimama gizani nikiitazama.
Nikakohoa.
Nikaifuta.