Mita Kumi na Moja

Mlango ni wa zege, unene wake viganja viwili.
Uliwekwa enzi za hofu ya bomu;
hapa Erstfeld nyumba nyingi zina chumba kama hiki.
Majirani wametia viazi, divai, skii zilizopinda.
Baba yangu alitia reli.

Naufungua kwa bega. Harufu ya mafuta ya cherehani
na vumbi lililoungua kidogo.
Vichwa arobaini na vitatu vya treni vimelala rafuni,
kila kimoja ndani ya sanduku lake na kikaratasi:
namba, tarehe, bei kwa penseli.
Bei ni za uongo.
Mamba wa kahawia, yule mwenye pua mbili ndefu
na kiungo kiunoni, ameandikwa faranga tisini.
Mama alikuwa akipita na kikapu cha nguo,
anasoma tisini, anacheka puani,
kisha anampangusa mamba vumbi kwa brashi yake ya poda.
Njia ya mwongo ni fupi, wanasema.
Hii ilikuwa mita kumi na moja, tena ya mviringo,
na wote wawili waliizunguka miaka thelathini
bila kugongana.

Leo Baba yuko hospitali Altdorf, kawekewa nyonga mpya.
Amenipigia simu kabla ya chai:
“Regula, wasikae bila kutembea. Mafuta yanaganda.
Tone moja kwenye ekseli. Moja, si mawili.
Mbele mara tano, nyuma mara tano, polepole.”
Utadhani anaagiza ng'ombe wakamuliwe.

Basi natia tone. Nasogeza kitasa cha transfoma.
Mamba anashtuka, anavuta mabehewa sita ya kokoto,
anapanda mlima wa plasta na magazeti ya zamani,
anapita chini ya kanisa la Wassen,
anapita kando yake,
anapita juu yake,
anampita ng'ombe wa miguu mitatu
(wa nne niliutafuna mimi, nikiwa na miaka minne)
na kutoweka handakini.
Nasubiri. Hata sasa, na mvi zangu, nasubiri
kama mtu asiyejua tundu la pili liko wapi.

Anatoka. Anafika kwenye ishara. Anasimama.
Taa imewaka buluu.

Buluu?
Nazima balbu ya dari, naangalia bonde zima gizani:
ishara kumi na nne, na taa zote ama nyeupe ama buluu.
Hakuna nyekundu. Hakuna kijani.
Utoto wangu wote niliinama juu ya meza hii
na sikuwahi kuona.

Miaka thelathini na minane alipakia magunia ya barua
kwenye treni za usiku, kisha akabaki jukwaani.
Tukimuuliza kwa nini hakuwa dereva
alisema madereva hawali chakula cha moto.
Na zile stroberi! Kila Juni alizichuma mbichi na mbivu
kapu moja, nasi tukicheka hadi mbavu kuuma,
naye akicheka pamoja nasi,
akizila zote mbili kwa uso uleule.
Mama hakucheka. Mama ndiye aliyempangia soksi.

Mbivu na mbichi hujulikana, kumbe,
ila zimechukua muda wake,
na zimenikuta mimi chini ya ardhi na chupa ya mafuta.

Simu inalia tena.
“Anatembea?”
“Anatembea.”
“Kwenye ishara ya handaki alisimama?”
“Taa iliwaka buluu, akasimama.”
Upande wa pili nasikia toroli la dawa likipita,
gurudumu moja linalia, linahitaji tone.
“Vizuri,” anasema. Kisha, baada ya muda:
“Yule mamba, Regula. Hakuwa faranga tisini.”
“Najua, Baba.”
“Mama yako asi...” Ananyamaza. Anakumbuka.

Nageuza kitasa.
Nyuma mara tano.
Namwachia mara ya sita, kwa hiari yangu.