Mapafu ya Evencio

Chama chetu kina watu wanne na birika moja.
Tumepanga chumba juu ya fundi viatu
mjini Mieres, kwenye bonde la makaa,
ambako milima ina matobo kama jibini
na mvua hainyeshi, hukaa tu hewani.
Mlangoni tumebandika: PROGRAMU HURIA, VIWANGO VYA WAZI.
Fundi hudhani ni saizi za soli.

Jumatano moja Bi Eloína alipanda,
vidato thelathini na viwili,
akipumzika kila baada ya vinane.
Si ugonjwa. Ni mazoea:
miaka kumi na tisa alipanda nyuma ya mumewe,
na mumewe alipumzika kila baada ya vinane.

Akatoa mkobani diski tatu zilizoviringwa kwa leso.
“Humu,” alisema, “mna mapafu ya Evencio.”

Zahanati ya mgodi ilimpima kila mwaka:
vuta pumzi, toa pumzi, namba ikaandikwa.
Iliandikwa na programu ya kampuni fulani
yenye lugha yake ya siri na mawakili wake.
Kampuni ikanunuliwa. Aliyeinunua akafilisika.
Aliyefilisika hakumwachia mtu ufunguo.
Mgodi umefungwa, zahanati siku hizi
watu hunyanyulia vyuma,
na ofisi ya pensheni inataka namba.
Namba zipo, kamshikia Eloína mkononi.
Hazisomeki.

Mwizi wa kawaida huondoka na sanduku.
Huyu kakuachia sanduku,
kaondoka na neno la kulifungulia.

Xurde alileta kisomadiski kutoka stoo ya shule.
Diski ya kwanza ilikwaruza
kama mtu anayesafisha koo kabla ya kutoa ushahidi.
Usiku saba tulikodolea sifuri na moja,
kama unavyojifunza lugha ya jirani kupitia ukutani:
kwanza salamu, halafu matusi,
mwishowe majina ya watoto.
Usiku wa nne Nel aliona tarehe.
Usiku wa sita, kando ya tarehe, namba inayopungua.

3.1
2.8
2.8
2.2
1.4

Hakuna aliyeshangilia. Birika lilichemka hadi likakauka.
“Hii ya mwisho,” Eloína alisema, kidole kwenye kioo,
“ndio mwaka alioanza kulala kitini.”

Tukaenda naye kwenye baraza la mji
kuomba jambo dogo tu: kila hati ya umma
ihifadhiwe kwa namna ambayo yeyote anaweza kuisoma,
leo, na siku ambayo sisi sote hatupo.
Diwani Belarmino alifungua mikono:
“Lakini hii programu yao tumepewa bure!”
Bure. Na chambo ni cha bure, muulize samaki.
Bure si huru, mheshimiwa,
na ukilisikiliza vizuri neno lenyewe,
bure ni pia kazi iliyopotea.
Haya niliyafikiri mimi. Sikuyasema; nilikuwa natafuta miwani.
Aliyesimama ni Eloína:
“Alipimwa kwa fedha ya umma.
Pumzi yake imekuwaje mali ya mtu?”

Wakaahirisha hadi baada ya sikukuu.
Baada ya sikukuu wakaahirisha tena.

Pensheni ilikuja Mei, pungufu.
Ile programu yetu ya kusoma diski tumeiweka hadharani;
achukuaye achukue, abadilishe, ampe mwenzake.
Juzi mama mmoja wa Bytom, Poland, ametuandikia:
anayo maboksi mawili,
na imemfanyia kazi, isipokuwa herufi zao zenye mikia,
kwa hiyo amezirekebisha mwenyewe, haya hapa marekebisho.

Jumatano bado Eloína hutuletea mkate.
Tunamsikia kwenye vidato:
vinane, kimya.
Vinane, kimya.
Fundi huacha nyundo hewani,
na juu huku
hakuna anayemharakisha.