Chini ya Rangi ya Kijani

Tulikwangua ukuta wa kantini
kabla msimu wa chewa haujafika Finnmark.
Chini ya buluu, kijani. Chini ya kijani,
herufi nyeusi, kali kama wembe:
HAPA HUSEMWA KINORWEI TU.

Torgeir, meneja, akadaka brashi, uso umemwiva.
"Ya kale hayo. Tuyafunike."

Risten hakumjibu. Alivua glavu,
akaligusa neno la mwisho kwa kidole gumba.
"Mama alikata minofu hapa miaka kumi na tisa.
Nilidhani alizaliwa kimya."

Mashine ya kahawa ikanguruma peke yake.

Thavamani, ambaye baridi bado humshangaza,
akauliza: "Samaki huyu, mama yako alimwitaje?"
"Dorski."
"Sisi Jaffna kila samaki ni meen, kisha tunabishana."
Oiva wa forklifti akakohoa:
"Turska. Bibi alisema turska,
ila mlango ukishafungwa."

Rangi ikamdondokea Torgeir kiatuni.
Hakutoa hotuba, namshukuru.
Aliuliza tu kama kuna chaki.

Sasa ukuta ni mweupe, isipokuwa kipande
upana wa mlango.
Amri ipo palepale; aliyeumwa nayo
asije akaambiwa aliota.
Chini yake maneno yanaongezeka, mwandiko wa ovyo,
na wageni wa makao makuu huuliza
kama tuliishiwa rangi.

Jana Risten alipiga simu kwao,
kwa lugha ile, kwa sauti.
Hakuna aliyegeuza shingo.