Kikojozi

Skolastika, dada yangu, miaka tisa
alikata bongo za panya vipande vyembamba
kuliko ganda la kitunguu,
akahesabu seli chini ya hadubini.
Mama akauliza: na nyama yake mnaitupa?

Kisha akashuka. Ndivyo alivyosema kwenye simu:
"Nimeufuata uti wa mgongo, mdogo wangu,
nimefika kwenye kibofu."
Wenzake walimcheka.
Nani huhama ikulu akapange chooni?

Sasa yuko Ndanda, chumba kilichokuwa stoo ya magodoro.
Kijana Chilumba alidondoka mkoroshoni msimu wa Oktoba;
miguu imenyamaza, mkojo waja bila hodi.
Anamfunga nyaya, anatazama mstari ukipanda kwenye karatasi,
anangoja.
Kurasa mia nne ameandika kuhusu kungoja huko:
ni nani, kati ya kichwa na nyonga,
anayemwambia mwenzie "bado",
na kwa nini siku moja hasikiki.

Wageni humuuliza alianzaje.
Hujibu kwa jina la chuo, na mwaka.

Mimi najua. Newala, kipupwe,
maji ya kununua, ndoo kwa ndoo, hayafui mkeka.
Alfajiri ananigusa begani kwa kidole kimoja,
ananisogeza, ananivalisha kaptula yake kavu,
halafu analala palepale nilipolowesha,
macho kayafumba,
ili baba akiingia na kibatari
wa kuchapwa awe yeye.