Gari la Jumatatu

Betri mbili mpya, na bado haliwaki.
Alteneta imebadilishwa, ikabadilishwa tena,
stata imefunguliwa Ipuli, ikafungwa Isevya,
na kila Jumatatu Canter la Bi Nyamizi
linalala kama ng'ombe aliyegoma mtoni.

"Fundi," aliniambia, "hili si la spana.
Kuna mtu hapo sokoni anauza asali kama mimi,
na Jumapili usiku huwa halali."

Sikubishana.
Mchawi naye, nilijisemea,
akitaka kumaliza betri lazima apite kwenye waya.

Nikafungua sanduku la betri ubavuni.
Zimechajiwa tangu alfajiri: volti ishirini na tano na chembe.
Hazina kosa.
Nikaing'oa hasi, nikaiweka mita njiani
umeme upite ndani yake kama mgeni getini,
aseme anakokwenda.

Gari limezimwa. Funguo anazo Bi Nyamizi kiganjani.
Mita ikaandika: sifuri nukta tisa.

Limelala, kumbe linakunywa.

Fyuzi ya honi nikaichomoa: tisa.
Ya waipa: tisa.
Ya redio (redio yenyewe iliibwa Nzega): tisa.
Kisha ile ya pembeni, maandishi yake yamefutika,
na mita ikanyamaza
kama darasa mwalimu anapoingia.

Wapo mafundi wanaoishia hapo.
Fyuzi wanaiacha nje, hela wanaitia mfukoni.
Mimi nataka kujua waya unakwenda kwa nani.

Nikabana kitoa-mlio kwenye tundu tupu,
nikashika kijiti kinachosikia, nikaanza kufuata.
Huku kwetu warina asali humfuata ndege:
anaita, anaruka, anaita,
ukipotea anarudi kukungoja.
Kijiti kikaita chini ya zulia,
kikaita kando ya kiti,
mlangoni kikafifia. Nikarudi nyuma hatua moja,
kikaita tena, juu, kule nyuma
kwenye ubao anakolala utingo.

Mlekwa ndiye aliyenishikia tochi.
Mwanga ulianza kutetemeka kabla sijainua godoro.

Nyaya mbili, zimechunwa kwa meno,
kiungo kimevikwa mfuko wa mkate.
Mwishoni, kopo la maziwa ya unga limefunikwa kifudifudi.
Nikalifunua.
Balbu ya taa ya breki. Swichi haina.
Kuizima hakuwezi, basi huifunika.
Fyuzi nilikuwa nimeshaing'oa, lakini nilipoigusa,
kioo kilikuwa bado cha moto.

Pembeni, kitabu cha Jiografia kisicho na jalada,
na fomu ya mtahiniwa wa kujitegemea
iliyokunjwa mara nne, haijalipiwa.

Jumamosi jioni hadi Jumatatu alfajiri,
saa thelathini na sita, mara nukta tisa.
Hesabu haikunihitaji kalamu.
Betri za Bi Nyamizi hakuna aliyeziroga.
Zilisomwa.

"Umeona nini huko?" sauti yake kutoka chini.
Mlekwa hakunitazama mimi. Alilitazama kopo.

"Waya," nikasema. "Umefungwa bila swichi."
Uongo haumo humo.
Ukweli wote nao haumo.

Nikakata, nikaunga upya, nikachoma risasi,
nikafunga fyuzi ndogo, taa ndogo ya LED
inayokunywa kama chiriku,
na swichi niliyoitoa kwenye Noah iliyokufa uani kwangu.
Mlekwa akaibonyeza. Ikawaka.
Akaibonyeza. Ikazima.
Akairudia hiyo ya pili, ya kuzima,
mara tatu, nne,
kama mtu anayejifunza neno.

Jumla ikaandikwa: kutafuta hitilafu; waya, futi sita; fyuzi;
swichi, moja.
Mrina asali hamalizi sega: la ndege huliacha pale pale.
Bei ya swichi sikuiandika.

Bi Nyamizi ni mfanyabiashara. Alisoma mstari kwa mstari,
kidole kikasimama.
"Swichi ya nini?"

Mimi nilikuwa nakunja nyaya za mita, polepole kuliko kawaida.
Upande wa pili wa gari Mlekwa, kopo mkononi,
alikohoa,
akafungua mdomo.