Dakika Tano Kutoka Lami

Simu zangu ni mbili, sauti zangu sijazihesabu.

Mtu wa benki namwandikia, na nukta naweka:
"Habari za kazi. Nyumba ipo Block T. Ina uzio."
Mfanyabiashara wa Kabwe hana muda wa kusoma,
huyo namrekodia, nacheka kidogo mwanzoni,
akisikie kicheko kabla hajasikia bei.
Wanafunzi wa chuo nawabipu tu. Watapiga wenyewe.
Ila Mama Subilaga, mwenye vyumba sita kule juu Itiji,
hapigiwi. Unamfuata asubuhi,
unasimama getini, unasema "Ugonile",
unaulizwa habari za ng'ombe usio nao,
na kikombe cha pili cha chai ndipo unataja mpangaji.

Udalali ni koo.
Nyumba haijengwi kwa tofali, nawaambia vijana,
inajengwa hapa, nagusa shingo.
"Dakika tano kutoka lami": sijasema kwa miguu ya nani.
"Maji hayajakatwa": kweli, bomba lipo,
ni maji tu yasiyokuja.
"Jua la asubuhi linaingia mpaka kitandani":
bati lina matundu.

Juni ile, baridi ya kung'ata masikio,
ukungu umeukalia Loleza kama kuku aliyeatamia,
akaja Tusekile, fundi cherehani kutoka Tukuyu.
Nikaanza. Nikamwaga maneno tangu stendi ya bajaji,
nikamjengea sebule, nikampandia maua.
Akanitazama mdomo mpaka nikamaliza,
akagusa sikio lake, akatikisa kichwa.
Akatoa daftari,
kalamu imefungwa kwa uzi wa kushonea.

Andika.

Nikaandika: Dakika tano kutoka lami.
Akatazama saa yake, akaongeza pembeni: 3:10.
Tukapanda. Mashine ya kukoboa, kanisa la Moraviani,
mfereji wa kurukwa, mbwa wa watu wakitusindikiza.
Mlangoni akaandika: 3:34.
Hakuniuliza kitu.
Mstari wangu na mstari wake
ikalala ukurasa mmoja kama mke na mume walionuniana.

Maji?
Kalamu ikagoma.
Neno la mdomo likitoka limekwenda,
aliyesema na aliyesikia watabishana mpaka kesho.
Huu wino ulikaa pale pale, ukinitazama,
na mwandiko ni wangu, ule ule wa darasa la saba,
"a" iliyopinda mgongo, hata mama yangu angeitambua.
Nikaandika: Jumanne na Ijumaa. Usiku. Ukiwahi.
Mwenye nyumba?
Yupo nyumba ya nyuma. Ana redio kubwa.
Akacheka mabega yakatetemeka: Hiyo ni yake.
Paa?
Nikachora tone.

Akalitazama lile tone muda mrefu
kama mtu anayepima kitambaa,
kisha akaandika: Elfu hamsini, toa kumi.
Miaka tisa kazini, siku hiyo
nilikwenda kwa Mama Subilaga nimebeba daftari, koo nimeliacha.
Alivaa miwani, akasoma yote, kidole chini ya kila neno.
Kwenye redio akaguna. Kwenye tone akakohoa.
"Haya, arobaini. Na bati nitaliangalia."
Kuangalia ameangalia. Bati ni lile lile.
Tusekile ameweka ndoo, na cherehani kaisogeza dirishani.

Msidhani nimeokoka.
Jana nilimrekodia jamaa wa Makambako,
nikacheka mwanzoni kama kawaida,
nikasema nyumba nzuri kaka, uzio, utulivu, ni dakika...
nikaiona 3:34 imesimama mlangoni.
Kidole kikaachia.
Sauti ikaenda hivyo hivyo, nusu.

Ameandika: Dakika ngapi?
Leo tena: Ngapi, dalali?

Nipo mfereji wa kwanza, natazama saa.