Kilo Mbili za Unyevu

Jumapili, baada ya ibada ya pili,
tulinadi yai.
Yai moja la kienyeji, lina doa la banda ubavuni,
na Mzee Ndelilio kalinyanyua kama kalitoa mlimani:
"Elfu moja! Nani anaongeza?
Yai la Bibi Nsia hili, si la mashine,
lina baba na mama!"
Tukacheka. Wanakwaya bado wamevaa majoho,
watoto wanakanyaga viatu vya wakubwa,
mawingu yameuficha mlima mpaka mabegani.
Nikasema elfu kumi.
Mwalimu wa kwaya akasema kumi na mbili.
Nikasema ishirini,
nikasikia jina langu likipita benchi hadi benchi,
"Eliaichi, yule Eliaichi wa mizani,"
na Bibi Nsia, kwa mkono uliozoea mpini wa jembe,
akaja kunishika bega:
"Mungu akuzidishie, baba."

Nililibeba kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo,
nikitembea kama mgonjwa hadi nyumbani.

Jumatatu haina kengele.
Ina honi ya lango la kiwanda, foleni ya magunia
kutoka Mbokomu, Uru, Kibosho,
na meneja mwenye kalamu sikioni
aliyeniambia siku yangu ya kwanza, tena kwa upole:
"Kila gunia kata kilo mbili. Andika unyevu.
Kanisani mnaimba. Hapa tunapima."
Nami nimepima misimu mitatu.
Hata wiki zile jua linapasua midomo
na kahawa imekauka mpaka inalia ukiitikisa,
nimeandika unyevu.
Fungu la kumi la mshahara huo nimelitoa;
bahasha yangu ya ahadi, namba mia mbili kumi na nne,
haijawahi kuruka Jumapili.
Kila Desemba napewa na bahasha nyingine, ya sikukuu.
Hiyo haina namba.

Saa nne hivi akafika Bibi Nsia
nyuma ya toroli la mjukuu, gunia moja tu.
Hakunitambua upesi: Jumapili huwa nina tai.
Aliponitambua alifurahi
kama mtu aliyekuta ndugu dirishani pa serikali.
"Kumbe ni wewe! Basi leo nimepona."

Arobaini na saba, ilisema mizani.
Nikatia mkono guniani, punje zikalia.
Nikauma moja; jino ndilo lililoomba radhi.
Meneja yuko kwenye simu, kanipa mgongo.
Nilijaribu kusali. Halikuja neno,
wala aya niliyokariri kipaimara.
Ilikuja hesabu, maana ndiyo ninayoijua:
kilo mbili kwa bei ya wiki hii, elfu kumi na nne.
Mara misimu mitatu.
Kumbe lile yai alishalilipia mwenyewe,
akaja kunishukuru,
na chenji yake imebaki huku kwetu.

Nikaandika: unyevu, sifuri.
Usidhani nilisikia sauti. Nilisikia tumbo.
Mkono ulitetemeka, sifuri ikatoka ndefu, imechongoka juu.
Akaichukua stakabadhi, akaikunja mara nne,
akaifunga kwenye ncha ya khanga
bila kuisoma.

Ningependa niishie hapo.
Lakini foleni haiishi kwa bibi mmoja.
Nyuma yake kasimama mtu nisiyemjua,
ana sigara nyuma ya sikio, ana matusi ya kusubiri;
hajawahi kuninunulia wala kuniuzia yai,
na simjui anasali wapi, kama anasali.
Kapandisha gunia lake kwenye mizani.
Nimelitikisa.
Linalia.
Meneja amekata simu, anakuja.